Meli ya kitalii na familia: bei ya ofa, bei huru au bima ya safari? Nilinganishieni

Mwana_Kizingo

Nduguzanguni salaam. Naomba mnilinganishie jambo kabla sijafungua pochi.

Mwakani mimi na mke wangu twataka kupanda meli ya kitalii badala ya kwenda tena Diani. Tutakuwa watano: sisi wawili, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mkwe wa miaka 71. Ana presha lakini dawa anameza na yuko sawa. Meli hizi tumezitazama tangu utotoni zikija msimu wa kaskazi, wageni wakimwagika kutoka Kilindini kwenda Fort Jesus. Sasa zamu yetu kuona ndani kuna nini.

Ajenti wa mjini ametupa safari mbili. Moja yaanzia Durban Disemba, watoto wakiwa likizo. Nyingine yaanzia Genoa Agosti na kuzunguka Mediterania. Kinachonikosesha usingizi ni masharti ya kughairi. Tuchukue ile ya Genoa: vyumba viwili ni dola 4,000, na juu yake dola 600 za ushuru na ada za bandari. Njia ni tatu.

Kuna bei ya ofa, arbuni dola 800 na hairudi kwa hali yoyote. Kuna wanayoiita bei huru: dola 4,600 badala ya 4,000, lakini arbuni yarudi yote ukighairi kabla ya siku ya malipo ya mwisho, yaani siku 90 kabla ya meli kung'oa nanga. Halafu kuna ile ile ya ofa pamoja na bima ya safari ya kampuni ya hapa nchini, kama shilingi 38,000 kwa sote watano.

Zikishapita hizo siku 90, ngazi ni moja kwa bei zote. Siku 89 mpaka 61 wanakata nusu, 60 mpaka 31 wanakata asilimia 75, 30 kushuka wanachukua zote.

Mke wangu ataka bima. Mimi moyo uko kwa bei huru. Ajenti anavyoisukuma ile ofa, hata sijui nimwamini.

Baharia_Mstaafu

Ngazi hiyo ni ya kawaida, kila kampuni na tarehe zake lakini umbo ni hilo hilo. Chumba kikiachwa wiki mbili kabla ya safari hawapati wa kukinunua kwa bei kamili, ndiyo maana wanabana mwishoni.

Jambo ambalo maajenti husahau kulisema: zile dola 600 za bandari haziingii kwenye ngazi. Kama hukusafiri, bandari haikukutoza, na kampuni nyingi huzirudisha hata ukighairi jana yake. Zidai. Kwa hesabu yako, ukighairi siku ya 45 ukiwa umeshalipa yote, wanakata 3,000, wewe unarudishiwa 1,000 na zile 600.

La pili ni kutotokea. Ukifika gatini na karatasi zako hazijakamilika, kwao hukughairi, hukutokea tu, na hapo adhabu ni asilimia mia. Nilikuwa zamu siku moja, familia ya watu wetu wa Afrika Mashariki imefika na masanduku yameshafungwa lebo za vyumba. Binti wa kaunta akafungua pasipoti ya mama, akaigeuza, akaifungua tena ukurasa ule ule. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, lakini ya kuingia mara moja. Meli inatoka Italia, inapita Tunisia, inarudi Italia. Ukishatoka Schengen kwenda Tunis umeshaitumia ile moja. Hawakupanda. Na bima ya karatasi zenye kasoro sijaiona mimi.

Kwa hiyo ukienda njia ya Genoa, soma bandari zote na uombe viza ya kuingia mara nyingi.

Bi_Tudor

Kaka, kabla ya kulinganisha bei uliza hiyo bima ya 38,000 ni bima gani. Shemeji yangu alinunua bima ya safari, cheti kizuri chenye muhuri, akidhani amekingwa kila kitu. Akalazwa wiki ya kuondoka. Alipopeleka dai akaambiwa cheti chake ni cha matibabu akiwa ng'ambo, na yeye ng'ambo hakufika. Pesa za meli na tiketi za ndege zote zikaenda. Kampuni siitaji, lakini wallahi karatasi ilikuwa wazi, ni kwamba hakuna aliyemsomea.

Wakala_wa_Bima

Bi Tudor amegusa penyewe, na mimi ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nivumilieni nikirefusha.

Bima inayouzwa sana hapa kwetu ni ile ya kuombea viza. Sheria ya viza ya Schengen yataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, yenye kulipia hospitali ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Basi. Neno kughairi halimo. Makampuni huuza hiyo kwa bei rahisi kwa sababu ubalozi hautaki zaidi. Ile inayolipa ukighairi huwa ni daraja la juu la bima hiyo hiyo, na hapo ndipo pa kuangalia mambo haya.

Kikomo. Jedwali la manufaa litaandika, tuseme, dola 1,000 au 2,000 kwa kila mtu kwa kughairi. Gawanya gharama zako zote, meli na ndege, kwa watu watano uone kama kikomo kinafika. Na kuna kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe.

Sababu. Bima ya kawaida hailipi kwa kuwa umebadili nia. Hulipa kwa sababu zilizoorodheshwa: ugonjwa mkubwa, ajali, kifo cha mtu wa karibu, nyumba kuungua na kadhalika. Bosi kukunyima likizo, mara nyingi haimo. Kunyimwa viza, mara nyingi haimo. Kampuni kadhaa hukurudishia pesa ya bima yenyewe ukileta barua ya kunyimwa viza, na watu huchanganya hilo na kurudishiwa pesa za safari.

Mama. Hapa ndipo penye uzito. Miaka 71 baadhi ya kampuni humwongezea bei, nyingine humpunguzia manufaa. Na presha ni maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kununua bima. Akiugua kitu kinachotokana na presha, mikataba mingi inakataa, isipokuwa umeitaja mapema na kampuni ikakubali kwa maandishi. Usimfiche mama kwenye fomu ili bei ishuke. Daktari wa kampuni ataomba faili lake la kliniki, na faili halidanganyi.

Halafu jambo linalojulikana. Bima haikingi tukio lililokwisha tangazwa. Mnakumbuka mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege Septemba 2024, JKIA ikasimama? Notisi ya mgomo ilikuwa magazetini tangu Agosti. Aliyenunua bima baada ya notisi akitarajia kulipwa kwa mgomo ule alikuwa anajidanganya. Nunua bima siku unayolipa arbuni, usingoje wiki ya safari. Bei ni ile ile au karibu, na kinga ya kughairi huanza kufanya kazi tangu siku uliyonunua.

Mtu_wa_Likoni

Mimi meli yangu ni feri. Kwa miguu ni bure, sigharimiwi kughairi, na mandhari ya Kilindini napata asubuhi na jioni. 😂 Endeleeni, nasoma.

Saida_Nyali

Kaka Mwana Kizingo, moyo wako uko kwa bei huru, basi tuifanyie hesabu kwanza. Bei huru inakukinga mpaka siku ya 90 tu. Baada ya hapo ngazi ni ile ile, tena asilimia zinakatwa kwenye 4,600 badala ya 4,000. Kwa hiyo inacholinda ni ile arbuni ya 800 peke yake. Ukisafiri, umetoa 600 za ziada na hazirudi. Ukighairi mapema, umeokoa 800. Hesabu yake inaleta maana tu kama unaona uwezekano wa kughairi kabla ya siku 90 unakaribia nusu kwa nusu.

Kwa Durban, uwezekano huo hauko. Wakenya tunaingia Afrika Kusini bila viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka.

Kwa Genoa sasa, nusu kwa nusu si mbali na ukweli. Mnaomba viza watu watano. Mmoja akinyimwa, hasa mama au mtoto, nani atapanda? Ombi la Schengen laweza kupelekwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini wanaweza kuvuta mpaka 45. Ukipeleka mara dirisha linapofunguka, majibu unayapata kabla ya siku ya 90 na unaamua ukiwa umehatarisha arbuni tu. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni euro 45, na hairudi hata wakikukatalia. Ongeza nauli za kwenda Nairobi.

Ninayemshangaa ni mtu anayelipa malipo ya mwisho viza haijatoka. Huyo hakuna bima ya kumsaidia, na mie nawajua wengi.

Wakala_wa_Bima

Dada Saida, hesabu nzuri, lakini kalenda haizuii mama kuugua siku ya 20. Kutoka siku ya 90 mpaka ya kuondoka, ni bima pekee iliyobaki mkononi.

Saida_Nyali

Sikusema asinunue. Nasema bima si badala ya kalenda. Ajenti wako wengi wanauza bima kama dawa ya kila kitu, mteja analala usingizi, kumbe la viza halimo.

Baharia_Mstaafu

Nyote mko sawa, ongezeni hili. Mtu akiugua, asisubiri. Nimeona madai yakikatwa nusu kwa sababu hiyo. Tuseme mama anaanguka siku ya 65, daktari anasema hawezi kusafiri, nyinyi mnasema tumwombee huenda akapona, mnakuja kughairi siku ya 20. Kampuni ya bima itawalipa kile ambacho mngepoteza siku ya 65, yaani nusu, si kile mlichopoteza. Barua ya daktari iwe na tarehe ya siku aliyomwona, na iseme kwa uwazi kwamba hafai kusafiri. "Apumzike" haitoshi.

Kijana_Mji_wa_Kale

Mbona hamjagusia ile bima ya kampuni za meli zenyewe? Nimeona kwenye mitandao ya Wamarekani wanasema unaghairi kwa sababu yoyote ile na unarudishiwa.

Baharia_Mstaafu

Ipo, kijana wangu, lakini soma vizuri. Mitandao ile ni ya Wamarekani wakizungumza na Wamarekani. Bima ya kughairi kwa sababu yoyote kule kwao hurudisha asilimia 50 mpaka 75 ya gharama, sharti uinunue ndani ya wiki mbili tatu tangu ulipe arbuni, na ughairi angalau saa 48 kabla. Na huuzwa kwa mkaazi wa kule. Anayeishi Kisauni akijaza anwani ya binamu yake wa Minneapolis, siku ya dai ndiyo siku watakayouliza anwani.

Ile ya kampuni ya meli nayo mara nyingi ni hivyo hivyo, kwa wakaazi wa nchi fulani. Tena ukighairi kwa sababu isiyo kwenye orodha hupewi pesa. Unapewa vocha ya safari nyingine, yenye tarehe ya mwisho. Kwa mtu wa Florida aliye karibu na bandari vocha ni pesa. Kwa mtu wa Mombasa anayepaswa kutafuta tena viza na ndege, vocha ni karatasi.

Faida yake moja: kwa kawaida bei ni moja kwa rika zote, kwa hiyo mama mkwe haongezewi. Kama ajenti anaweza kukupatia ukiwa Mkenya, linganisha. Nina shaka ataweza.

Mwana_Kizingo

Ahsanteni sana. Hii hesabu ya 600 kulinda 800 sikuwahi kuipiga, na mke wangu amesoma akacheka mpaka basi. Naona mizani inaelemea Durban. Sasa niambieni, je, kampuni yenyewe ikighairi au ikibadili njia? Disemba kule si msimu wa vimbunga?

Kijana_Mji_wa_Kale

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Idai ilipiga Beira Machi 2019, Freddy ikapiga Msumbiji Februari na tena Machi 2023. Disemba si mbaya kama Februari lakini nahodha akiona bahari haifai kuteremsha watu kwa boti, anapita.

Saida_Nyali

Na hapo hulipwi kitu ila ada ya ile bandari mliyoruka. Mkataba wa meli unampa nahodha ruhusa ya kubadili njia. Baadhi ya bima zina kipengele cha bandari iliyorukwa, kiasi kidogo tu kwa kila bandari.

Kampuni ikighairi safari nzima ni habari nyingine, pesa zako zinarudi. Vita vya Bahari ya Shamu vilipochacha mwishoni mwa 2023, kampuni zilifuta safari za kupita Suez na abiria wakapewa kuchagua: pesa au safari nyingine. Uchague pesa. Lakini ndege uliyojinunulia mwenyewe haiwahusu, na bima nyingi hazikingi vita. Ndiyo maana napenda ndege na meli vinunuliwe kwa mkataba mmoja, hata kama ni ghali kidogo.

Wakala_wa_Bima

Mfano wa karibu na huku kwetu: Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilizuiwa kuingia Port Louis, Mauritius, kwa hofu ya kipindupindu. Vipimo vikaja kuonyesha hakuna. Lakini waliokuwa washuke siku ile wapande ndege za kurudi kwao walibaki melini. Hapo bima yenye kipengele cha kuchelewa na kukosa ndege ndiyo inayozungumza. Mwezi uliofuata meli hiyo hiyo ikawaacha abiria wanane São Tomé, walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia wenyewe, wakahangaika kuifukuzia nchi kwa nchi mpaka Senegal. Hiyo hakuna wa kukulipa, na mama mkwe msimwache sokoni Maputo. 😀

Kitu kingine kabla sijasahau: daktari wa meli si wa bure. Anatoza kwa dola kwenye akaunti ya chumba chako, unalipa kabla ya kushuka, kisha unadai kwa bima. Kadi ya SHA, bima yetu ya afya ya serikali, hapo haina kazi. Na mgonjwa akihitaji kuchukuliwa kwa helikopta ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo hata kama kughairi hakukusumbui, sehemu ya matibabu na uokoaji usiiguse, tafuta kikomo kikubwa. Cheti cha bei rahisi huenda hakitaji meli kabisa. Uliza kwa maandishi: "Je, safari ya melini imo?"

Bi_Tudor

Na ajenti mwenyewe? Mnazungumza bima, je, pesa zikiishia kwa ajenti?

Ajenti wa safari anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Mwombe aionyeshe, na uangalie ni ya mwaka huu. Lipa kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni, si kwa M-Pesa ya mtu. Ukiweza kulipa kwa kadi ya benki, bora zaidi, kwani unaweza kulalamika benki huduma isipotolewa. Na ndani ya siku chache dai nambari ya nafasi kutoka kwa kampuni ya meli, uingie mwenyewe kwenye tovuti yao uone majina yenu matano yamo. Kama hayamo, risiti ya ajenti ni ahadi tu. Kampuni za meli nazo hufa, msidhani. Ile ya Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza ilianguka Julai 2020, na bima nyingi hazikingi kufilisika mpaka iandikwe.

Mwana_Kizingo

Basi nimefikia hapa: Durban, bei ya ofa, bima ya daraja la juu siku ile ile ya arbuni, presha ya mama itajwe. Ndege tufike Durban siku moja kabla ya meli. Swali la mwisho: ajenti ametaja cheti cha manjano. Sisi wanne twachanjwa, lakini mama miaka 71 inafaa?

Wakala_wa_Bima

Afrika Kusini yataka cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na usipokuwa nacho waweza kurudishwa kutoka uwanjani. Hiyo ndiyo ile ya Baharia: hukutokea, asilimia mia, bima kimya.

Saida_Nyali

Kwa mama usiamue mwenyewe. Kuanzia miaka 60 chanjo hiyo hupimwa kwa uangalifu, madhara makubwa ni nadra lakini kwa wazee hutokea zaidi. Kwanza tafuta kwenye makaratasi yake. Kama aliwahi kuchanjwa zamani, cheti sasa ni cha maisha, ile miaka kumi iliondolewa 2016. Kama hajawahi, mpeleke kwa daktari wake wa presha, kisha Afya ya Bandari. Wakiona hafai kuchanjwa, huandikwa barua ya msamaha wa kiafya yenye muhuri. Kuipokea au kuikataa ni hiari ya nchi unayokwenda, kwa hiyo muulizeni ubalozi wa Afrika Kusini kwanza, na mfanye hivyo kabla ya kulipa arbuni. Na wanaochanjwa, cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, msiende wiki ya safari.

Mwana_Kizingo

Mama asema aliwahi kuchanjwa alipokwenda Hijja na kadi iko kwenye sanduku Majengo. Kesho naenda kuitafuta. Arbuni nasimamisha mpaka niione.

Baharia_Mstaafu

Angalia kama ni ya homa ya manjano kweli. Kadi za Hijja nyingi ni za uti wa mgongo.